Mwaka Niliovaa Kengele ya Rozi

Simu ya Kiprono ilinikuta Marigat, nimekaa kivulini juu ya gunia la vitunguu, nikimsubiri mwenye lori amalize kula ili nimwombe lifti ya kwenda popote alikokuwa akienda. Hakunisalimu. Alisema tu, "Wairimu, Mama Tabitha ametuacha," nikasikia kuku wakilia nyuma yake, nikajua amesimama uani, karibu na lile jiko. Nilimuuliza wanazika lini. "Alhamisi. Halafu Ijumaa tunatembea. Mwenyewe alisema tusikae sana tukilia." Nikamuuliza kama kweli bado wanatembea, miaka yote hii, na Kiprono, ambaye siku hizi ana wajukuu na meno ya kununua, akacheka. "Kwani nani angetusimamisha?" Mwenye lori alikuwa anaelekea kaskazini. Mimi nilivuka barabara nikaanza kutafuta gari la Nakuru.

Nimelala katika vyumba vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na watu wengi wamenihurumia kwa hilo bila kuniuliza kama nataka huruma. Nimeokota ngano iliyoanguka mashambani Njoro, nimepika hotelini, nimeuza samaki, nimelala kwenye stoo za makanisa ya madhehebu ambayo siyajui. Sijengi, sihifadhi, na nikiulizwa kwetu ni wapi huwa nataja mahali nilipoamkia. Lakini kuna mwaka mmoja ambao nikiutaja huwa naketi wima. Habari za nyumbani Subukia nitaziruka, maana zinawatosha wanaozijua. Shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi, sikuilaumu wala haikunilaumu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari nilipofika Rhonda, mtaa wa Nakuru, nikapanga chumba kimoja cha mabati na wasichana wawili waliokuwa wakisuka nywele, pazia la leso katikati, na kila jioni tulijua majirani wamepika nini kabla hata hawajakoroga. Kutoka pale kwetu tuliliona ziwa la Nakuru likimetameta. Nilishuka siku ya kwanza nikitaka kuligusa, nikakuta ua wa waya wenye stima. Ziwa liko pale, unasikia hata harufu yake, na huwezi kulifikia kwa miguu yako. Jambo hilo lilinisumbua kuliko njaa. Mama mmoja muuza mboga aliponiambia kwamba huko kwenye ziwa la Elmenteita kuna watu wanaotembea ufuoni na ng'ombe wao hadi maji yanawalowanisha, nilifunga nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki nikaondoka.

Kwa Mama Tabitha niliomba maji ya kunywa, na nilikaa zaidi ya mwaka. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapoomba chumvi mezani. Nyumba zao zilikuwa juu ya mteremko, kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani, watu wakalinunua kwa kuchanga na kugawana, Wakikuyu na Wakalenjin na wengine, kila mmoja na kipande chake na ng'ombe wake wachache. Alinitazama nikinywa, akaniuliza kama najua kukama. Nilisema najua, na kesho yake akaona kwamba sijui, akanifundisha bila kuutaja uongo wangu. Nililala jikoni, chumba cha mabanzi kilichosimama peke yake uani, nyuma ya magunia ya mahindi, na jivu la moto likinipasha miguu hadi alfajiri. Bado naweza kulichora lile jiko. Mafiga matatu, kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kimening'inia, na juu ya moto kopo la bati lenye vipande vyeupe vya magadi, kama mawe yaliyooshwa sana. Kipande kidogo kikitumbukizwa kwenye githeri ya mahindi na maharagwe, mahindi magumu yalilainika kabla hatujaanza kugombana kwa njaa. Nilimuuliza yanatoka wapi. "Ziwani," alisema. "Ng'ombe wakienda kulamba, sisi tunabeba kidogo ya kupikia. Utaona kiangazi kikiisha. Kama utakuwa bado hapa." Alisema hayo akiiangalia miguu yangu.

Habari yenyewe nilielezwa na Kiprono, mtoto wa dada yake aliyemwita Mathe kama mama yake mzazi, aliyekuwa akichunga, kijana wa rika langu ambaye hakuweza kusema jambo bila kulikunja likawa mzaha. Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, ng'ombe wa kijiji kizima walishushwa ziwani, wakafuata ufuo wa mchanga, wakazunguka vile vilima vya nyasi vinavyochomoza majini, hadi upande wa kusini ambako maji yakirudi nyuma yanaacha magadi yametanda kama ukoko wa uji. Huko walilamba siku nzima. Katikati ya njia palikuwa na ranchi, na ua wake ulishuka kutoka kwenye mawe meusi ya volkano ukaingia hadi ndani ya maji. Kwenye ua huo palikuwa na geti. Wazee walionunua shamba walipatana na mwenye ranchi wa wakati huo, wakashikana mikono hapohapo getini, hapakuwa na karatasi: ng'ombe wakipita kila mwaka, geti litafunguliwa kila mwaka. Mwaka watakaokosa kupita, njia imekufa. "Na hawajawahi kukosa?" nilimuuliza. "Hata mwaka wa njaa kubwa walipita wakiwa mifupa," Kiprono alisema. "Mbele anatangulia Rozi. Ng'ombe wengine wakiona geti wanasimama kunusa, wanaogopa, wanatawanyika. Rozi hasimami. Rozi anaweza kuingia kanisani katikati ya mahubiri na atoke mlango wa nyuma."

Rozi mwenyewe hakuwa na sura ya kiongozi. Alikuwa wa rangi ya udongo, pembe moja imevunjika, na kengele ya chuma iliyofuliwa kutoka kwenye kipande cha trekta, yenye sauti nzito iliyosikika hadi barabarani. Nilimkama kila asubuhi na tulizoeana kwa kuheshimiana. Kiangazi kilipokolea alianza kulamba ukuta wa nyumba. Kisha wote wakaanza. Walitafuna mifupa, walitafuna viatu, na Jumamosi moja Rozi alikula kitambaa cha kichwa cha kanisa cha Mama Tabitha kilichokuwa kwenye kamba, akabakiza pindo. Maziwa yalipungua hadi yakafunika kitako cha ndoo tu. "Chumvi," Mama Tabitha alisema, akimtoa uzi mdomoni. "Wanalilia chumvi. Wiki mbili hizi tushuke." Ndipo bwana mifugo wa serikali alipokuja na pikipiki yake akatangaza karantini. Ugonjwa wa midomo na kwato ulikuwa umeonekana upande wa juu, na hakuna mnyama wa kuvuka mpaka wa kijiji hadi atakaposema yeye.

Wazee walikutana nyumbani, kwenye viti vya sebuleni vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na mimi nikawa jikoni nikikoroga githeri, mlango wazi, masikio yamesimama kama ya punda. Mzee Gideon, mzee wa kanisa mwenye koti zito hata jua likiwaka, alikuwa akisema kwamba mwaka mmoja si kitu. Wataenda kuongea na meneja mpya wa ranchi, ni kijana, atasikia. Mama Tabitha alimuuliza ataongea naye akiwa wapi. "Utakuwa nje ya geti, mzee. Mtu akishakuwa nje anaongea peke yake." Mtu mwingine akasema bwana mifugo akikamata ng'ombe njiani, atawafunga wenyewe. Nikasikia Rozi akilamba ukuta upande wa pili. Ndipo Mama Tabitha akasema, "Bwana mifugo amekataza ng'ombe kutembea. Mimi sina kwato."

"Unasemaje, Mama Tabitha?" mzee mmoja akauliza.

"Tutembee sisi. Tuvae kengele zao, tupite pale wanapopita, tukachote magadi tuwaletee wao nyumbani. Njia itakuwa imepitwa."

Walicheka. Kiprono, aliyekuwa ameegemea mlango, akauliza, "Na pembe, Mathe? Tutafunga vijiti?" Mzee Gideon hakucheka. Alisema ni aibu watu waliobatizwa kuvaa kengele shingoni kama wanyama, na watoto wetu watachekwa hadi Gilgil. "Wacha wachekwe," Mama Tabitha alimjibu. "Watakuwa wakichekwa wakipita. Ama wewe unataka wachekwe wakiwa nyuma ya waya?" Nilikumbuka ule ua wa Rhonda, na sijui ni nini kilichonisukuma, nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikauliza kengele ya Rozi atavaa nani. Wazee walinigeukia. Msichana wa kuokotwa, asiye na kipande cha ardhi pale, anayejulikana kwa kuuliza maswali. Mama Tabitha alinisonta kidole, akasema kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, "Huyu. Tangu afike, kila siku naona miguu yake ikiangalia barabara. Huyu hajui kusimama." Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa maneno hayohayo na mama wa nyumba, na walimu, na kila aliyenifukuza: huyu hatulii, huyu hakai. Ilikuwa mara ya kwanza kusemwa kama sifa ya kupewa kazi.

Bwana mifugo aliulizwa, akakuna kichwa, akasema sheria haitaji watu, lakini kengele zinabeba ugonjwa. Zichemshwe kwa maji ya magadi, ndiyo yanayoua kile kidudu. Kwa hiyo Mama Tabitha aliliteremsha lile kopo la juu ya moto akamimina vipande vyote vilivyobaki kwenye sufuria kubwa ya githeri, nikachemsha kengele za kijiji kizima, zikigongana ndani ya povu. Kopo likabaki tupu. Kama tungerudi mikono mitupu, hatungekuwa hata na cha kulainishia mahindi.

Tulishuka jua lilipochomoza. Ninaikunja na kuikunjua ile asubuhi kama mtu anayetoa shati zuri sandukuni. Mchanga wa pale ni wa kijivu, mzito, umechanganyika na vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa, na ukingoni mwa maji kuna mstari mweupe wa chumvi unaovunjika chini ya mguu kwa sauti ya biskuti. Flamingo walijisogeza kutoka ufuoni wote kwa pamoja, kama mtu amevuta shuka la waridi. Nyuma yangu kengele zote zilikuwa zikilia, kila moja na sauti yake, wanawake wamefunga magunia viunoni, wanaume wakijifanya wamekuja kusindikiza tu, na Mzee Gideon, ndiyo, alikuja, kengele ameificha ndani ya koti ikilia kama kikohozi. Kengele ya Rozi ilinigonga kifuani kwa kila hatua. Tulipofika kwenye kilima cha kwanza cha nyasi kinachoingia ziwani, mimi nilipanda. Nyasi zilifika magotini, zina umande, upepo ulikuwa ukizilaza na kuziinua, na kutoka pale juu niliona ziwa lote, kingo zake zote, hadi ule mlima unaofanana na mtu aliyelala chali. Nikasikia sauti ile nyuma yangu. "Wairimu! Ng'ombe hapiti huko! Ng'ombe anafuata mchanga!" Na Kiprono akaongeza, "Rozi amepotea! Bwana mifugo aitwe!" Walicheka wote hadi kengele zikachanganyikiwa. Niliteremka, nikazunguka kile kilima kwa chini, kwenye mchanga, maji yakinifika vifundoni, kama ambavyo Rozi angefanya. Lakini nilikuwa nimeshaona kutoka juu, na sikujuta.

Geti lilikuwa limefungwa. Kando yake, juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, aliketi Mzee Ekai, mlinzi aliyelilinda tangu siku za yule mwenye ranchi wa kwanza, macho yake yameshaingia ukungu. Meneja alikuwa amesimama katikati ya njia mbele ya pikapu, kijana wa kofia, si mtu mbaya, ila alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa kuwaogopea ugonjwa. Aliinua mkono. "Simameni hapo! Makubaliano ni ya ng'ombe. Hawa ni watu!" Nikasikia kengele zikinyamaza nyuma yangu moja baada ya nyingine, kama taa zinazozimwa mtaani, hadi ikabaki yangu peke yake. Sijui kama nilikuwa jasiri. Ninachojua ni kwamba nilimkumbuka Rozi na yale mahubiri. Ng'ombe wa mbele akisimama, wote wanatawanyika. Niliendelea kutembea kwa mwendo uleule, sikuongeza wala kupunguza, nikampita meneja kando karibu bega liguse bega, kengele ikipiga, macho yangu kwenye zile nondo za geti, nikijua kabisa kwamba kama hazitafunguka nitazigonga kwa kifua.

Mzee Ekai aliinuka. Alivuta mnyororo kwa mikono ya mtu aliyefanya jambo hilo bila kufikiri kwa miaka, na geti likafunguka likiburura mchanga, nami nikapita.

"Mzee! Nani amekuambia ufungue?"

"Boss, kengele imefika," Mzee Ekai alisema. "Mimi hufungua kengele ikifika. Haikusimama, nami sikuisimamisha."

"Na ugonjwa je? Mnaniletea ugonjwa na hayo machuma!"

"Tumezichemsha kwa magadi," Mama Tabitha alisema, akimfikia. Alivua yake akamnyooshea. "Magadi yote tuliyokuwa nayo. Nusa. Sasa ukitufungia, leo tutakula mahindi magumu kwa sababu ya ng'ombe zako."

Meneja aliinusa. Kisha akaninyooshea kidole, mimi ambaye nilikuwa tayari upande wa pili na bado natembea. "Na yule kwa nini hakusimama nikimwambia?"

"Ah, boss," Kiprono alisema. "Huyo si mtu. Huyo ni Rozi. Rozi hasimami."

Mlinzi alianza kucheka kwanza, kicheko kikavu cha mzee, kisha wanawake, na mwisho meneja mwenyewe akavua kofia akajipepea nayo. "Piteni. Lakini mwaka ujao nataka kuona miguu minne." Kengele zikalia tena zote kwa pamoja nyuma yangu, na sijawahi kusikia bendi iliyonipendeza kama ile. Siku hiyo tulichota magadi kwa mikono na kwa sahani, tukayabeba migongoni, chumvi ikituchoma pale jasho lilipopita, na jioni Rozi alilamba mkono wangu hadi kwenye kiwiko, kisha akalamba kengele yake mwenyewe. Usiku githeri iliiva mapema. Mzee Gideon alikula sahani mbili jikoni kwetu, koti amelivua.

Nilikaa hadi mwaka uliofuata ili nimwone Rozi akipita kwa miguu yake minne, na alipita bila kumtazama mtu, kisha wiki ile ile nikaondoka. Mama Tabitha hakunizuia. Alinifungia kipande cha magadi kwenye karatasi akasema, "Wewe nenda. Ukichoka, njia iko." Nimezunguka ufuo wa Naivasha na wa Baringo kwa miguu tangu wakati huo, na nimetembea kwingine ambako watu waliniambia hapatembeki, na kila nilipofika kwenye waya nilitafuta geti kwanza. Watu huniambia ningekuwa na nyumba sasa. Mimi huwaambia nina njia.

Tulimzika Alhamisi, juu ya mteremko, akiangalia maji. Ijumaa nilikuta mambo mawili ambayo Kiprono hakuniambia kwenye simu. Ng'ombe hawashuki tena. Siku hizi ni wa gredi, wanafungiwa bandani, wanakatiwa nyasi, na jiwe la chumvi linanunuliwa kwenye duka la mifugo, agrovet. Njia ile imekuwa ikipitwa na watu peke yao miaka mingi, watu wenye kengele shingoni, wasichana waliotoka kazini Nakuru, vijana wanaojipiga picha, akina mama wa kanisa na magunia yao viunoni ingawa karibu hakuna magadi ya kuchota. Lile tulilofanya kwa kukosa la kufanya limekuwa ndiyo desturi. La pili nililiona mwenyewe tulipoteremka. Ziwa limefura kama maziwa mengine yote ya bonde letu, na mchanga wetu uko chini ya maji. Migunga iliyokufa imesimama ziwani na ndege juu yake. Nilisimama nikitafuta tutapitia wapi.

"Huko juu," Kiprono alisema, akinivisha kengele ya Rozi, iliyoota kutu pembeni lakini yenye sauti ileile. Alikuwa akionyesha nyasi, mgongo wa kile kilima. "Maji yalipopanda Mathe alituambia tupite ulikopotelea. Kila mwaka alipopanda alisema, 'Ng'ombe hapiti huko,' halafu akapita."

Nilipanda. Magoti yangu si yale, na upepo bado unazilaza nyasi na kuziinua. Kutoka juu niliona ziwa lote, kubwa kuliko nililoliacha, na ua wa ranchi ukishuka kutoka kwenye mawe meusi, na geti jipya lililosogezwa juu kukwepa maji. Kando yake alisimama mlinzi mgeni, msichana wa sare aliyekuwa akiangalia simu yake, na nafikiri hakuna aliyemweleza, kwa sababu aliinua uso, akaona kundi la watu wenye kengele, akaja katikati ya njia akaniinulia mkono.

"Shosho, simama kwanza! Mnaenda wapi?"

Nyuma yangu nikasikia kengele zikianza kunyamaza moja baada ya nyingine. Nikaendelea kutembea.